Kutoka Batalioni Hadi Brigedi: Funzo la Busia na Tororo

Askari anayeshika zamu mjini Busia humwona ng'ambo ya kizuizi askari mwenzake mwenye sare nyingine na bendera nyingine. Wakisalimiana, aghalabu husalimiana kwa Kiswahili, lugha ambayo wote wawili wameirithi kambini. Jambo hili si la kubahatisha. Majeshi ya Kenya na Uganda, kama lile la Tanganyika lililotangulia Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yalizaliwa katika nyumba moja, nayo ni King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja na ishirini vikosi vya pande hizi vimeunganishwa, vimetenganishwa, vimevunjwa na kuunganishwa tena. Mara nyingine kazi hiyo ilifanywa vema na maisha ya askari yakaokolewa. Mara nyingine ilifanywa kwa karatasi tu, na gharama yake ikalipwa kwa damu.

Inafaa basi askari wa jeshi na wa polisi wajiulize: kuna maana gani kuzichukua rejimenti za jadi za askari wa miguu na kuzitia katika vikosi vikubwa zaidi? Nini kinachopatikana, na nini kinachoweza kupotea?

Kwanza tuyaweke maneno mahali pake. Rejimenti ni ukoo wa askari. Ina namba yake, bendera yake, siku zake za kukumbukwa na orodha ya watu wake waliokufa vitani. Kuruta akiingia humo huambiwa yeye ni mtoto wa nani. Brigedi si ukoo bali ni chombo cha kazi. Hukusanya batalioni kadhaa, agh. tatu, pamoja na mizinga, wahandisi, watu wa mawasiliano, waganga na magari ya ugavi, vyote chini ya kamanda mmoja. Divisheni nayo hukusanya brigedi kadhaa. Askari wa miguu hupigana kwa moyo kwa ajili ya kombania yake na batalioni yake, lakini hula, hutibiwa na husaidiwa kwa mizinga kwa sababu ya brigedi na divisheni. Mwenye kupanga upya jeshi akisahau moja kati ya mambo haya mawili, amejenga nyumba ya ukuta mmoja.

MWAKA ULEULE MMOJA

Keya iliundwa tarehe 1 Januari 1902, kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, vya Afrika Mashariki na vya Uganda. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Kabla ya hapo Uganda ilifika mpaka Naivasha. Baada ya hapo mstari ulipita katika nchi ya Wasamia na ya Wateso, na watu wa nyumba moja wakawa raia wa serikali mbili. Hivyo katika mwaka uleule vikosi viliunganishwa, na watu wa Busia na Tororo wakatenganishwa.

Kuungana huko hakukutokana na mapenzi. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa nguzo ya kikosi cha Uganda waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, na mishahara yao ilikuwa duni na yenye kuchelewa. Waingereza walilazimika kuleta askari wa Kihindi ili kuuzima uasi huo. Watawala walijifunza kwamba kikosi kidogo kilichoachwa peke yake, kisicho na jirani wa kukisaidia wala wa kukizuia, ni hatari kwa bwana wake. Kwa bahati mbaya walijifunza nusu tu ya somo: waliona umuhimu wa kuunganisha vikosi, lakini hawakutilia maanani vya kutosha suala la mshahara. Suala hilo lilirudi tena mwaka 1964, kama tutakavyoona.

VITA VIWILI VIKUU

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Keya ilikuwa na batalioni tatu tu, nazo zimetawanyika katika vikundi vidogo vidogo kwa kazi za doria. Jeshi la namna hiyo liliweza kutuliza ghasia za wilaya moja, lakini halikuweza kupambana na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck huko Tanganyika. Kabla vita havijaisha, Keya ilikuwa imefikia batalioni 22. Na ili batalioni hizo ziweze kwenda, wapagazi wengi mno walikusanywa kubeba mizigo. Hao ndio walioacha jina la Kariakoo katika miji ya Dar es Salaam na Nairobi. Wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa. Funzo lake ni chungu: vikosi vilikuzwa upesi kuliko ugavi, na deni hilo likalipwa na wanyonge.

Katika vita vya pili mpango ulikuwa bora zaidi. Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye brigedi za 21, 25 na 26, ikapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Katika Brigedi ya 21 walikuwamo askari wa Uganda wa Batalioni ya 4, askari wa Nyasaland wa Batalioni ya 2, na rejimenti kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1944, katikati ya masika makali, divisheni hii ililipita bonde la Kabaw lenye matope na malaria, na mwezi Desemba ikafika mto Chindwin penye mji wa Kalewa. Hakuna batalioni moja, hata iwe shujaa namna gani, ambayo ingaliweza kufanya safari hiyo peke yake. Wahandisi walitengeneza njia na daraja, waganga walipambana na homa, na ndege zilidondosha vyakula.

Hapa pana jambo moja linalostahili kuangaliwa. Batalioni mpya zilipoundwa, namba zake hazikutolewa ovyo. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na zilizofuata za nchi hiyo zikaitwa ya 26 na ya 36. Batalioni ya 4 ilikuwa ya Uganda, na zilizofuata zikaitwa ya 34 na ya 44. Tarakimu ya mwisho ilimwambia kuruta mama yake ni nani. Hivyo divisheni ilikuwa kubwa, lakini ukoo haukufutwa. Kijana aliyetoka Tororo akaingia Batalioni ya 44 alikuwa na babu wa kumtaja, ingawa batalioni yenyewe ilikuwa ya juzi.

Hatusemi hayo ili kulisifu jeshi la kikoloni. Maofisa wake walikuwa Wazungu, na Mwafrika alizuiwa kupanda ngazi. Uganda ilipata maofisa wake wa kwanza Waafrika, Shaban Opolot na Idi Amin, mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Lakini chombo kinaweza kuchunguzwa bila kumpenda aliyekichonga.

NJIA TATU ZA MWAKA 1964

Uhuru ulipofika, nyumba ya Keya iligawanywa. Batalioni mbili zikawa Tanganyika Rifles, Batalioni ya 4 iliyokuwa Jinja ikawa Uganda Rifles, na batalioni za 3, 5 na 11 zikawa Kenya Rifles. Majina yalibadilika, lakini makamanda wengi walikuwa walewale wa Kiingereza, na mishahara haikulingana na matumaini ya uhuru. Tarehe 20 Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, tarehe 23 Jinja, na tarehe 24 Lanet karibu na Nakuru. Serikali zote tatu ziliita askari wa Kiingereza kuzima maasi, jambo lililowatia uchungu viongozi waliokuwa wametoka kupandisha bendera zao.

Baada ya hapo kila nchi ilishika njia yake. Tanganyika ilivunja rejimenti zake kabisa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi, lenye askari waliochaguliwa upya. Kenya iliivunja Batalioni ya 11, ikawafikisha wakosaji mbele ya sheria, na wale walioonekana hawana hatia ikawaweka katika batalioni mpya iliyopewa namba 1. Jina la Kenya Rifles likabaki, na liko hata leo. Uganda iliwaongezea askari mishahara kwa kiasi kikubwa, ikaanza kulikuza jeshi haraka, batalioni juu ya batalioni.

Njia ya kwanza na ya pili zilikuwa tofauti, lakini zote mbili zilijibu swali moja: nani anayetoa amri, na kwa niaba ya nani? Njia ya tatu iliongeza idadi bila kulijibu swali hilo. Mwaka 1966 mgogoro wa kisiasa uliingia ndani ya jeshi, Opolot akaondolewa na Amin akapanda. Mwezi Januari 1971 Amin alichukua serikali.

TORORO 1979

Chini ya Amin batalioni zilipewa majina ya kutisha: Simba huko Mbarara, Chui huko Gulu, Malire karibu na Kampala. Katika kambi ya Tororo kilikaa kikosi kilichoitwa cha anga na majini, ijapokuwa Tororo ni mji wa jabali na reli. Wakuu wa vikosi hivi walipata uwezo mkubwa katika maeneo yao, kama watawala wadogo, na waliangalia kwa Amin mwenyewe kuliko makao ya brigedi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hapa kila nahodha alikuwa na chombo chake. Jeshi lilikuwa na vifaru, ndege na watu wengi, lakini mkono wa kulia haukujua wa kushoto unafanya nini.

Baada ya Amin kuivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, Tanzania ilifanya kazi iliyo kinyume cha hayo. Iliita mgambo na askari wa akiba hata jeshi likavuka watu laki moja, kisha ikawapanga katika brigedi. Brigedi za 201, 207 na 208 ziliwekwa katika Divisheni ya 20, iliyoongozwa na David Msuguri katika safari ya kuelekea Kampala. Brigedi moja ikipata matatizo, nyingine iliweza kuzunguka na kumpiga adui ubavuni. Ndivyo ilivyotokea Lukaya mwezi Machi 1979, pale Brigedi ya 201, yenye mgambo wengi, iliporudishwa nyuma siku ya kwanza, na Brigedi ya 208 ikaja kwa ubavu siku ya pili. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na Jinja tarehe 22 mwezi huohuo.

Tororo ilipata balaa lake mapema zaidi. Mwanzoni mwa mwezi Machi, Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia kutoka upande wa Kenya na kuishambulia kambi. Baadhi ya askari wa kambi hiyo walimgeukia Amin, na kwa muda mfupi kambi ikawa mikononi mwa washambuliaji. Halafu askari watiifu kwa Amin walirudi na kuwafukuza. Mtu anayeuchunguza mkasa huu huona upungufu wa pande zote mbili. Washambuliaji walikuwa mashujaa wasio na brigedi nyuma yao: hawakuwa na akiba, hawakuwa na mizinga, hapakuwa na wa kuja kuwapokea. Na wenye kambi walikuwa batalioni isiyokuwa na ukoo: kikosi kinachoshikwa na hofu ya mtu mmoja hupasuka mara hofu hiyo inapopungua. Majuma machache baadaye jeshi la Tanzania lilifika Tororo, na jeshi la Amin likawa limetawanyika, wengine wakikimbilia Sudan na Zaire, wengine Kenya.

Ushindi huo haukuondoa maradhi yenyewe. Jeshi jipya la Uganda liliunganisha vikundi vya wapiganaji vilivyorudi kutoka uhamishoni, kikiwamo Kikosi Maalum na FRONASA. Viliunganishwa kwa jina, lakini kila kimoja kiliendelea kumtazama mkubwa wake wa zamani. Mwezi Mei 1980 Rais Binaisa alipojaribu kumwondoa mkuu wa utumishi wa jeshi, Oyite Ojok, ni Rais aliyeondoka. Mwezi Julai 1985 jeshi hilohilo liligawanyika tena na kumpindua Obote. Jeshi la NRA lilipoingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, nalo lilikabiliwa na swali lilelile: tuwafanyeje askari wa vikosi tulivyovishinda? Wengi waliingizwa, wakiwamo wapiganaji wa UPDA baada ya mapatano ya amani ya mwezi Juni 1988. Lakini si wote waliokubali, na wilaya za mashariki, Tororo ikiwamo, zilionja miaka ya uasi. Baada ya mwaka 1992 zaidi ya askari 30,000 walipunguzwa jeshini, na katiba ya mwaka 1995 ikalipa jeshi jina la UPDF, ambalo leo limejengwa juu ya brigedi na divisheni.

MPAKA NA POLISI

Wakazi wa Busia wanajua kwamba vikosi visivyo na amri ya wazi huhatarisha hata amani kati ya nchi. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Mwezi Desemba 1987 risasi zilisikika Busia kati ya askari wa Uganda na polisi wa Kenya, watu wakafa, na mpaka ukafungwa kwa muda. Katika hali kama hiyo koplo mmoja aliye kizuizini ana uwezo wa kuanzisha jambo ambalo marais wawili watakesha wakilizima. Ndiyo sababu ni lazima ajue bila shaka nani kamanda wake, na kamanda huyo awe anaweza kuzungumza na mwenzake wa ng'ambo. Tangu mwezi Februari 1998 hadi Februari 2018 ni miaka ishirini, na katika muda huo mambo yaligeuka: marais wa nchi hizi mbili walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia mwaka huo wa 2018, ambamo maofisa wa pande zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Polisi nao wameonja shida ya kuunganishwa. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, polisi wa kawaida na polisi wa utawala walikuwa na makamanda wawili katika eneo moja. Mwezi Septemba 2018 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya polisi 24,000 wa utawala wataingizwa katika polisi ya kawaida chini ya kamanda mmoja wa kaunti, na polisi wa utawala waliobaki wapewe kazi maalum, mojawapo ikiwa ulinzi wa mipaka. Kwa raia aliyeibiwa ng'ombe, faida yake ni dhahiri: anajua aende kwa nani. Lakini kwa sajini aliyetumikia miaka kumi na mitano chini ya nembo moja, kisha akaambiwa avae nembo nyingine, yako maswali ya haki: cheo changu kitahesabiwaje? Nani atakayeandika ripoti yangu? Nyumba yangu ya kambini ni ya nani sasa? Maswali haya yasipojibiwa mapema, hugeuka manung'uniko. Na historia ya 1897 na 1964 imetuonyesha manung'uniko ya askari yanakoelekea.

Hata Waingereza, walioianzisha Keya, wamelipitia jambo hili kwao. Mwaka 2006 waliziunganisha rejimenti za Uskoti, baadhi yake zenye umri wa karne kadhaa, kuwa rejimenti moja, na mwaka 2007 wakaunganisha nyingine nne kuwa The Rifles. Wazee waliandamana na kulalamika. Serikali ilisema kwamba batalioni nyingi katika rejimenti moja humwezesha askari kuhama kazi bila kuhama ukoo. Lakini iliona pia haja ya kuyaacha majina ya kale yaendelee kutumika ndani ya batalioni mpya. Ni busara ileile ya namba 4, 34 na 44.

MIZANI YA ASKARI

Kutokana na hayo tunaweza kupata mizani ya kupimia mpango wowote wa kuunganisha vikosi. Je, amri ni moja, na inafika chini bila kupitia mlango wa pembeni? Je, chakula, dawa, mafuta na mshahara vimepangwa kabla ya gwaride la kuunganishwa, au vitafikiriwa baadaye? Je, askari wamechanganywa kweli, au kila kundi limekaa na mkubwa wake wa zamani chini ya bendera mpya? Na je, kikosi cha zamani kimeachiwa kumbukumbu yake na heshima ya wafu wake?

Swali la tatu na la nne huonekana kupingana, lakini hayapingani. Kumbukumbu ya kikosi ni mali ya kila anayeingia humo, awe Mteso, Msamia, Mluo au Mkamba. Utii kwa mkubwa mmoja au kwa kabila moja ni mali ya wachache, na huwafungia wengine nje. Cha kwanza hulijenga jeshi, cha pili hulibomoa. Majeshi ya kanda yetu yameanza tena kukaa pamoja: mwezi Novemba 2022 hadi Desemba 2023 vikosi vya Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini vilitumwa mashariki ya Kongo chini ya makao makuu ya pamoja huko Goma. Vilikutana na matatizo mengi, na muda wao haukuongezwa. Moja ya sababu ni kwamba waliokuwa wakitegemea kazi yao, yaani serikali ya Kongo na majeshi yenyewe, hawakuwa na ufahamu mmoja kuhusu amri: je, ni kupigana na M23 au ni kusimama kati? Makao makuu mazuri hayawezi kuziba pengo la namna hiyo.

Ndugu askari, siku utakapoambiwa kwamba batalioni yako au kituo chako kinaingizwa katika kikosi kikubwa zaidi, usikimbilie kukataa, wala usishangilie kwa sababu ya ukubwa. Umoja ni nguvu, lakini umoja hauji kwa kubadilisha kibao cha langoni. Mkubwa wa kikosi na awaeleze watu wake mapema, awajibu maswali ya vyeo na mishahara kwa ukweli, na aihifadhi bendera ya zamani mahali pa heshima. Askari naye na amtii kamanda mpya kama alivyomtii wa zamani, na amfundishe kuruta majina ya waliotangulia. Kambi ya Tororo ilishuhudia mwaka 1979 kikosi kilichokosa mambo hayo. Askari wanaoshika zamu leo Busia, pande zote mbili za kizuizi, hawana haja ya kujifunza somo hilo mara ya pili.